Kuwakumbuka Wapendwa Wetu Wakati wa Noeli, na Dawa Walizotuachia



Siku kuu ya Kuzaliwa Bwana yakaribia, nao watoto wa nyumba zetu waanza kurudi. Katika nchi ya Kilimanjaro kila mtu alijua jambo hili: mwezi wa Desemba mabasi yatokayo Dar es Salaam, Arusha na Mwanza hujaa watu, na nyumba iliyokaa mwaka mzima na wazee wawili, au mmoja tu, husikia tena sauti za wajukuu. Ni furaha kubwa. Lakini palipo na watu wengi ndipo pengo huonekana zaidi. Watu waketipo kula huhesabiana kwa macho, na yule aliyekuwa akiketi karibu na meko hayupo. Kaburi lake li kati ya migomba, karibu na nyumba, nayo masale yaliyopandwa hapo yamekwisha kushika mizizi.

Basi nataka tulitazame swali moja ambalo wengi hulichukua moyoni bila kulisema: Twawaheshimuje wapendwa wetu waliotutangulia? Na swali hili lina tawi lake: Yale waliyotuachia, je, yatupasa kuyashika yote kama walivyoyashika wao? Nasema hasa juu ya dawa za miti shamba, maana siku hizi za kukusanyika ndizo siku ambazo dawa hizo hutolewa sana. Mtoto mmoja amekuja na kikohozi, mwingine tumbo lamsokota, binti ana mimba, baba ana ugonjwa wa sukari. Shangazi asema, "Marehemu bibi yenu alikuwa akichemsha majani haya." Mara sufuria i motoni. Wala si rahisi mtu kukataa, maana kuikataa dawa ya bibi yaonekana kama kumkataa bibi mwenyewe.

Kwanza niseme neno juu ya huzuni. Wako Wakristo wadhanio ya kuwa kulia wakati wa Noeli ni upungufu wa imani. Sivyo. Mwinjilisti Mathayo, katika sura ile ile ya pili atuonyeshayo nyota na Mamajusi, atusikilizisha pia kilio cha Raheli akiwalilia watoto wake. Tarehe 28 Desemba, siku tatu tu baada ya furaha ya Kuzaliwa, Kanisa tangu zamani hukumbuka watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode. Naye mzee Simeoni, alipompakata Mtoto mikononi na kumsifu Mungu, hakuacha kumwambia Mariamu habari ya upanga utakaompenya moyo. Kwa hiyo mjane asiambiwe, "Nyamaza, leo ni siku kuu." Alie, kisha aimbe pamoja nasi akiweza, na asipoweza, sisi tuimbe kwa ajili yake.

Walakini kumkumbuka marehemu si kumwogopa, wala si kumwomba. Twamkumbuka mbele za Mungu aliyempa uhai, twashukuru kwa ajili ya matendo yake, nasi twamwacha mikononi mwa Mwokozi wake. Marehemu hatudai kitu. Neno hili ni la faraja, nalo lina maana kubwa katika habari yetu ya dawa: asiyekunywa dawa ya bibi yake hana deni kwa bibi yake.

Sasa juu ya dawa zenyewe. Mtu asidhani ya kuwa nataka kuzidharau. Hizo ni kazi ya Muumba. Hezekia alipougua jipu, nabii Isaya aliagiza waweke mkate wa tini juu yake, naye mfalme akapona. Yoshua bin Sira, ambaye kitabu chake Luther alikihesabu kuwa chema kusomwa ingawa si sawa na Maandiko Matakatifu, afundisha katika sura ya 38 ya kuwa Bwana ndiye atoaye dawa katika nchi, na mwenye akili hazichukii. Na tunu zile za Mamajusi zilikuwa nini? Pamoja na dhahabu walileta ubani na manemane, nazo zote mbili ni utomvu wa miti umeao katika nchi kavu, kama Somalia, Ethiopia na Arabuni. Watu wa kale walitumia manemane kwa dawa na kwa maziko pia. Yohana atuambia ya kuwa Nikodemo alileta manemane na udi, yapata ratili mia, kwa kuuzika mwili wa Bwana. Hivyo utomvu wa mti mmoja ulikuwapo penye utoto wake na penye kaburi lake.

Dawa nyingi za hospitali nazo zina asili yake katika miti. Kwinini ilitoka katika gome la mti wa Marekani ya Kusini, na mwaka 1820 wataalamu wawili wa Ufaransa waliitenga katika gome hilo. Tena mwaka 2015 mama mmoja wa China, Tu Youyou, alishiriki Tuzo ya Nobeli kwa sababu yeye na wenzake walipata dawa ya malaria katika mmea wa jamii ya pakanga, ambao Wachina waliutumia tangu karne nyingi. Basi asicheke mtu aonapo mzee akichuma majani. Huenda mzee yule ajua jambo lisilojulikana bado na wenye vyuo.

Lakini hapa ndipo penye shida. Mti umebaki shambani, aliyeujua amekwenda. Bibi alipokuwa hai, dawa yake haikuwa majani tu. Alijua jani changa na jani pevu, mzizi wa mti huu na mzizi wa ule unaofanana nao. Alijua achemshe mpaka lini, ampe nani na amnyime nani, na siku ya kuacha. Tena alimtazama mgonjwa usoni, na pengine alisema, "Ugonjwa huu siuwezi, mpelekeni hospitali." Yote haya yalikuwa ndani ya kichwa chake na vidole vyake, na sehemu kubwa yake imelala pamoja naye kaburini. Sisi tumerithi mti bila kipimo, nasi twadhani tumerithi dawa.

Maandiko yanayo mfano wa jambo hili. Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya nne, njaa iliingia Gilgali, naye Elisha akaagiza wanafunzi wa manabii wapikiwe chakula. Mmoja akatoka kwenda kondeni kuchuma mboga, akaona mtango-mwitu, akajaza nguo yake matunda, akaja akayakatakata sufuriani. Maana hawakujua ni nini. Walipoonja walipiga kelele ya kuwa mauti imo ndani ya chungu. Angalieni: mtu yule hakuwa mwovu. Alitoka wakati wa njaa kuwatafutia ndugu zake chakula. Mikono yake ilikuwa na upendo, lakini haikuwa na ujuzi. Elisha hakumtukana, wala hakumwita mchawi. Walakini hakuwaambia wenzake, "Endeleeni kula, maana amechuma kwa moyo mwema." Moyo mwema haukuyaondoa mauti chunguni.

Hii ndiyo sababu mtume Paulo, awaandikiapo Wafilipi, awaombea si upendo tu, bali upendo uzidio kukua katika ujuzi na ufahamu. Upendo usiotaka kujua haujakomaa. Wajipendeza wenyewe kwa kutoa, wala hauulizi kama anayepewa atapona au ataumia.

Jinsi ujuzi huo ulivyo mgumu kuupata twajifunza katika habari ya Uingereza. Mwaka 1775 daktari William Withering aliulizwa juu ya dawa ya siri ya mama mmoja mzee wa Shropshire, aliyewaponya watu waliovimba miili kwa maji. Jina la mama huyo hakuliandika. Dawa yake ilikuwa na majani ya namna 20 na zaidi, naye Withering akatambua ya kuwa mmea mmoja tu, uitwao digitalisi, ndio wenye nguvu ile. Kisha alitumia muda wa miaka kumi kuwatazama wagonjwa, akipima kiasi gani kinafaa, akiandika waliopona na wasiopona pia, hata mwaka 1785 akatoa kitabu chake. Kwa nini muda mrefu hivyo? Kwa sababu mmea ule una sumu: kiasi kiponyacho na kiasi kiuacho vyakaribiana sana. Dawa itokayo katika mimea ya jamii hiyo yatumika hata leo kwa wenye ugonjwa wa moyo, nayo bado hupimwa kwa uangalifu mwingi. Mama yule aliheshimiwa kwa njia iliyo bora: kazi yake haikutupwa, wala haikuigwa ovyo, bali ilichunguzwa.

Hata yule mama wa China hakuchemsha majani tu. Yeye na wenzake waliona ya kuwa moto huharibu nguvu ya mmea ule. Nalo andiko la kale la nchi yake lilisema uloweshwe majini na kukamuliwa, halikusema uchemshwe. Kwa sababu ya mambo kama haya Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitangaza ya kuwa haliungi mkono watu kutibu malaria kwa chai ya mmea huo: kiasi cha dawa katika majani hubadilika-badilika, na mara nyingi hakitoshi kuua vijidudu vyote.

Sasa na turudi katika Katekisimo Ndogo, maana hapa amri mbili zaonekana kama zashindana. Amri ya nne yatuagiza tuwaheshimu baba na mama. Amri ya tano yatukataza kuua. Na Luther aifafanua ya kuwa tusimdhuru jirani mwilini mwake, bali tumsaidie katika kila shida ya mwili. Mtu atasema, "Nikiiacha dawa ya mama nimevunja ya nne, nikimpa mtoto nisichokijua huenda nikavunja ya tano. Nifanyeje?"

Najibu ya kuwa Mungu hajipingi mwenyewe. Mama hakutuachia majani kwa ajili ya majani. Alichotaka ni uzima wa watoto wake. Majani yalikuwa njia tu. Basi ampaye mtoto mchanga kikombe kisichopimwa ameishika njia ya mama na kuliacha kusudi lake. Naye amchukuaye mtoto huyo zahanati usiku ameliheshimu kusudi la mama, ingawa hakugusa jani hata moja. Kuwaheshimu wazee ni kurithi uangalifu wao kwanza, ndipo miti yao.

Tena mtu asiseme ya kuwa uangalifu huu ni upungufu wa imani. Mwaka 1527 tauni ilipoingia Wittenberg, Luther alibaki mjini kuwahudumia wagonjwa. Lakini aliwaandikia Wakristo ya kuwa adharauye dawa na akili alizopewa na Mungu amjaribu Mungu.

Sisi Walutheri wa Tanzania hatuna budi kulisema hili kwa unyenyekevu. Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda Samunge, katika Loliondo, kwa mchungaji mstaafu wa Kanisa letu, Ambilikile Mwasapile, aliyetoa kikombe cha maji ya mizizi ya mti uitwao mugariga kwa shilingi 500. Kikombe kimoja kilitolewa kwa maradhi yasiyofanana: kisukari, saratani, UKIMWI na mengine. Magari yalipanga mstari wa kilometa nyingi, na baadhi ya wagonjwa walikufa njiani au wakingojea. Wengine waliacha dawa za hospitali wakiamini wamepona, kisha ugonjwa ukawarudia kwa nguvu. Mzee huyo aliaga dunia mwaka 2021. Moyo wake Mungu ndiye aujuaye, wala si kazi yetu kumhukumu. Lakini yaliyotukia yatufundisha. Watu wale hawakuwa wajinga. Walikuwa wamechoka, wanaogopa kufa, na wengi wao walikuwa maskini. Kila mahali penye hofu na umaskini, kikombe kisichoulizwa swali hupata wanywaji.

Wengine watasema, "Mchungaji, mbona hospitalini nako watu hufa, na dawa zake zina madhara?" Ni kweli. Dawa ya dukani nayo ikinywewa ovyo huua. Ndiyo maana huandikwa kipimo chake na madhara yake. Sidai ya kuwa ya hospitali ni takatifu na ya shamba ni chafu. Nadai ya kuwa zote mbili zitakiwe kujibu maswali yale yale: Ni nini? Kiasi gani? Kwa nani? Kwa siku ngapi? Ikileta madhara nifanyeje? Tena wengine watasema, "Nauli ya hospitali sina, majani ninayo." Huyu nisimkemee. Ikiwa muumini anywa asichokijua kwa sababu hana nauli, nasi siku ya Noeli tumekula na kusaza, neno la amri ya tano latuhusu sisi kabla ya kumhusu yeye. Mfuko wa diakonia wa usharika una kazi gani, ikiwa si hii?

Basi nawasihi mambo haya machache siku hizi za kukusanyika.

Mtoto mchanga asinyweshwe dawa za miti bila neno la mtaalamu wa afya. Mafuta ya mwarobaini yamewaletea watoto wadogo kutapika na degedege, na wengine wamekufa. Mafuta ya mkaratusi, ambayo harufu yake hufungua kifua, yakimezwa na mtoto nayo huweza kumtia degedege.

Mwenye mimba asipewe shubiri wala mwarobaini, na mwenye uchungu wa kuzaa asipewe mizizi ya kuuongeza. Maana uchungu ukizidishwa pasipo kipimo, tumbo la uzazi laweza kupasuka, wakafa mama na mtoto pamoja.

Atumiaye dawa za kila siku, za sukari, za presha, za moyo au za kufubaza virusi vya UKIMWI, asiziache kwa ajili ya kikombe, wala asizichanganye nacho kwa siri. Majani mengine hushusha sukari, na yakikutana na dawa ya sukari mtu aweza kuzimia. Mwambie daktari wazi unachokunywa, nawe daktari usomaye haya usimcheke akuambiaye, maana aliyechekwa mara moja hatasema mara ya pili.

Mwenye homa na apimwe damu kwanza. Na atafutaye mganga wa tiba asili amtafute aliyesajiliwa, kwa maana tangu Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 liko Baraza la kuwaandikisha. Unga uliosagwa na kuuzwa sokoni bila jina la mti usinunuliwe, kwa sababu mti uliosagwa hauna jani la kutambulika.

Na neno la mwisho ni hili, nalo laona ni kubwa kuliko yote. Wazee wengine bado wako hai. Mwaka huu, watoto warudipo nyumbani, waketi na babu na bibi, wawaulize: Mti huu waitwaje? Ulimpa nani? Kiasi gani? Ulimnyima nani, na kwa nini? Wayaandike majibu katika daftari, yapate kuchunguzwa na wenye elimu hiyo, kama wale wa chuo cha tiba asili kilichoko Muhimbili. Twalia sana makaburini kwa sababu ya maneno ambayo hatukuyauliza. Kumheshimu mzee angali akisema ni bora kuliko kumkisia akiisha kunyamaza.

Tena najua ya kuwa wasomaji wengine wana jeraha. Ulimpa mpendwa wako kikombe kwa upendo, naye hakupona. Kila Noeli moyo wakushtaki. Pengine kikombe hakikuwa na neno, pengine kilikuwa nalo. Sikuambii ya kuwa upendo peke yake wafuta kila kosa, maana haufuti. Lakini yuko afutaye. Mpelekee yeye, uungame, upokee msamaha. Wala usitafute mchawi wa kubebeshwa mzigo huo, maana jirani yako hana hatia.

Manemane haikumzuia Bwana asife, wala hatukuahidiwa ya kuwa dawa yo yote itatuzuia sisi. Dawa ni ya siku za njiani. Yeye aliyelazwa katika hori la kulishia ng'ombe ndiye atakayewainua wale waliolala chini ya masale, pamoja na sisi tuwaliliao. Kwa tumaini hilo tuweke mahali pao mezani bila hofu, tuwataje majina yao kwa shukrani, na tuvitunze vyema viungo vya wale waliobaki nasi.

Neema ya Bwana wetu iwe nanyi nyote, nayo Noeli yenu iwe ya amani. Amina.